Darasa Nyuma ya Duka

Esau Jenkins aliacha shule akiwa darasa la nne, akaingia shambani. Hilo halikumshangaza mtu. Watoto wengi weusi wa kisiwa cha Johns, katika jimbo la South Carolina huko Marekani, waliacha shule hivyo hivyo. Kilichoshangaza ni alichokifanya alipokuwa mtu mzima: alijifunza Kigiriki.

Tulieni, wanangu, niwaeleze. Jenkins alikuwa akipeleka mboga kuuza Charleston, mji ulio ng'ambo ya madaraja, na huko wenye maduka ya mboga wengi walikuwa Wagiriki. Sasa fikirini mkulima amesimama na kapu lake, wanunuzi wawili wanateta kwa lugha asiyoijua, kisha wanamgeukia na kumtajia bei. Yale ya maana yameshasemwa mbele yake na hakuambulia neno. Jenkins hakutaka kuwa mkulima huyo.

Siku hizi mtasikia watu wazima wakilipa ada kwenda kozi za jioni: namna ya kusema mbele ya wakubwa, namna ya kujua nani hasa ana usemi mkutanoni, namna ya kutokubali kuonewa bila kugombana. Kijana mmoja akasema mbele yangu, na wenzake wakacheka, kwamba huo ni upotevu wa pesa, kwani nani asiyejua bosi ni nani? Ni kweli, bosi tunamjua. Lakini tazameni darasani kwenu. Yupo mtoto ambaye si kiranja, hana fimbo wala cheo, lakini mzaha ukitolewa wote humtupia jicho yeye kwanza kujua kama wacheke. Hilo mnaliona kila siku. Nani amempa nguvu hiyo? Hapo ndipo wengi hunyamaza, na hapo ndipo kozi hizo hupata wateja.

Wapo wanaokwenda kwa ajili ya nafsi zao tu, na sina neno nao. Mwaka 1912, katika jengo la YMCA, chama cha vijana Wakristo, mjini New York, kijana aitwaye Dale Carnegie alianza kufundisha watu kusema hadharani. Alikuwa mtoto wa mkulima fukara wa Missouri, ameuza nyama ya nguruwe na sabuni, amejaribu kuigiza jukwaani akashindwa. Wenye jengo waligoma kumlipa dola 2 kwa kila kipindi, basi akakubali kugawana nao ada. Waliokuja walikuwa makarani na wauzaji ambao magoti yaliwatetemeka wakiambiwa wasimame waseme. Tajiri Warren Buffett naye, akiwa kijana muoga wa kusema, alilipa dola 100 kusoma kozi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mpaka amekuwa mzee cheti chake kilikuwa ukutani ofisini, wakati shahada za chuo kikuu hakuzitundika. Kozi ya Carnegie ilikusaidia upendwe na mwenye kiti. Kwa nini yeye ndiye mwenye kiti, hilo halikuwa somo lake. Turudi kisiwani, kwa watu waliokuwa na swali hilo.

Jenkins alinunua basi. Asubuhi aliwachukua majirani zake kwenda kazini Charleston, jioni akawarudisha. Njia ni ndefu, naye hakuwa mtu wa kukaa kimya. Akawa anawasimulia abiria juu ya kura na sheria. Hapo pana jambo lazima mlijue: tangu katiba ya jimbo ya mwaka 1895, mtu aliyetaka kuandikishwa kupiga kura South Carolina aliweza kutakiwa asome kifungu cha katiba hiyo mbele ya karani. Kama hujui kusoma, uwe na mali ya dola 300 iliyolipiwa kodi. Na aliyeamua kama umesoma vizuri ni karani yule yule, mzungu, aliyekuwa na sababu zake za kutotaka jina lako daftarini. Waliotunga masharti hayo walijua vema ni watoto wa nani walioondolewa shuleni mapema wakalime. Mwenye nguvu mpishe, husema wahenga wetu. Hawa walipishwa kwa miaka mingi.

Miongoni mwa abiria alikuwa mama mmoja, Alice Wine. Hakujua kusoma. Jenkins alimsomea kifungu cha katiba, naye akakirudia na kukirudia mpaka kikamkaa kichwani chote. Akaenda kwa karani, akashika karatasi, akatiririka kama anayesoma. Akaandikishwa.

Ningekuwa mimi, hadithi ningeifunga hapo kwa kicheko, maana karani amepigwa chenga. Mama Wine hakuifunga. Kadi anayo mkononi, bado akamwambia Jenkins kwamba anataka kujua kusoma kikwelikweli. Kwa nini? Kadi ilimpa haki ya kupiga kura, lakini kila karatasi nyingine maishani mwake bado ilikuwa ya watu wengine. Leo ameimudu ile aliyoikariri. Kesho akiletewa mkataba, au barua ya serikali, atamwendea nani? Huyu ndiye mwanafunzi ninayemfikiria kila nikisikia mtu anauliza kwa nini watu wazima hujiandikisha.

Mwaka 1954 Jenkins alikwenda Tennessee, kwenye shule ya ajabu milimani iliyoitwa Highlander. Myles Horton na Don West waliianzisha mwaka 1932. Haikuwa na mitihani wala vyeti. Watu wazima walikaa duara, kila mmoja akaeleza kinachomsumbua kwao, kisha wakaulizana: nani anaamua jambo hili, anapata wapi nguvu hiyo, sisi tuna nini mkononi? Weusi na weupe walikula meza moja na kulala jengo moja, jambo ambalo sheria za jimbo hilo zililikataza.

Kiangazi cha mwaka 1955 alifika hapo mshonaji kutoka Montgomery, Alabama, kwa mafunzo ya wiki mbili. Jina lake Rosa Parks. Baadaye alisimulia jinsi alivyofurahi kuamka asubuhi kwa harufu ya kahawa na nyama ikikaangwa, akijua wanaopika ni wazungu na yeye ndiye anayepikiwa. Mnaweza kuliona hilo ni dogo. Mimi naona lilizidi mihadhara yote, kwani mtu aliyepangiwa mahali pake tangu utotoni alionja kwa siku kadhaa kwamba mahali pale pamepangwa tu na watu, na watu wanaweza kupapangua. Mwisho wa mafunzo kila mmoja aliulizwa atafanya nini akirudi kwao. Parks hakujigamba. Alisema hadhani Montgomery patatokea kitu, watu wa huko hawashikamani. Yeye ataendelea kufanya kazi na vijana. Tarehe 1 Desemba mwaka huo huo alikataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, akakamatwa, na weusi wa mji mzima wakagoma kupanda mabasi kwa zaidi ya mwaka.

Msije mkadhani alitumwa na kozi. Miezi tisa kabla yake, katika mji huo huo, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa vilevile kuondoka kitini akaburutwa na polisi. Yeye hakuwahi kufika Highlander. Ujasiri haufundishwi darasani. Alichokipata Parks kule ni watu waliokwisha kuufikiria mchezo mzima kabla yake, na hao humfanya mtu asijione mwendawazimu.

Jenkins naye alipoulizwa anataka nini alijibu bila kuzunguka: shule ya watu wazima kisiwani kwao. Sisi tungeiita ya ngumbaru. Horton akaenda kuangalia, akakuta madarasa ya namna hiyo yalikuwapo na hayana wanafunzi. Watu wazima, wakulima wenye miguu mirefu, walikuwa wamekalishwa kwenye viti vya watoto, watoto nao wakawacheka. Nani arudi kesho?

Basi wakabadili kila kitu. Wanakisiwa walikuwa na chama chao, Progressive Club, na kwa mkopo kutoka Highlander kikanunua jengo la shule lililokuwa limeachwa. Mbele wakafungua duka la ushirika. Vyumba vya nyuma wakavifanya darasa, bila madirisha ya kuchungulia kutoka barabarani, ili mzungu anayepita aone duka tu.

Mwalimu je? Septima Clark, aliyekuwa nyuma ya mpango wote, alikuwa amefundisha kwa miaka 40, na mwaka 1956 alikuwa amefukuzwa kazi kwa kuwa mwanachama wa NAACP, chama kilichotetea haki za weusi. Jimbo lilikuwa limepiga marufuku watumishi wake kujiunga nacho. Alipoteza na pensheni. Akamchagua jamaa yake, Bernice Robinson, ambaye hakuwahi kufundisha hata siku moja. Alikuwa msusi. Hapo napenda mtulie mfikiri, maana uchaguzi huo wenyewe ni somo zima la nguvu za kijamii. Mwalimu mweusi analipwa na bodi ya wazungu, anaweza kufukuzwa asubuhi. Kibarua wa shambani hali kadhalika. Msusi mweusi analipwa na wanawake weusi anaowasuka. Nani atamfukuza?

Darasa likafunguliwa tarehe 7 Januari 1957, wakati wa baridi, kazi za shamba zikiwa zimepungua. Wanafunzi 14. Bernice alikuja na vitabu vya watoto wa shule ya msingi, na usiku huo huo akaona havifai, akaviweka kando. Akawaambia yeye si mwalimu, watajifunza pamoja, kisha akawauliza wanataka kujua nini. Hakuna aliyesema anataka kubadilisha Marekani. Walitaka kuandika majina yao. Kusoma Biblia. Kujaza fomu ya kutuma pesa posta na kuagiza bidhaa bila kumbembeleza mtu. Na kusoma kile kifungu cha karani. Ukutani Bernice akabandika Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Binadamu, akasema kabla ya kozi kwisha watalisoma.

Wasichana wakaanza kuja na mama zao, Bernice akawafundisha kushona. Bibi mmoja wa miaka 65, siku majina yalipoandikwa ubaoni, aliichukua rula mkononi mwa mwalimu akaonyesha lake mwenyewe, herufi kwa herufi. Mambo ya kura, bodi ya shule na mafao ya uzee yaliingia humo humo, kati ya hesabu na kushona. Waliosoma wakaenda kwa karani, na karani alipowapa katiba wakaisoma.

Mfano huo ukaenea visiwa vya jirani, kisha majimbo mengine ya kusini. Serikali ya Tennessee ikaona hatari iko wapi: mwaka 1961 ikaifutia Highlander kibali na kuchukua mali yake. Ikachelewa. Mafunzo ya walimu yalikwisha kuhamishiwa kwa chama cha Martin Luther King, na Septima Clark akayaendesha katika kituo kimoja huko Georgia. Wasusi, madereva, wakulima na wafua nguo walifika kwa mabasi, wakakaa siku chache, wakarudi kwao kufungua madarasa jikoni na makanisani. Wengine walipoteza kazi kwa hilo, wengine wakapigwa. Mwaka 1965 sheria mpya ya haki ya kura ilipopitishwa, masharti ya kusoma mbele ya karani yaliondolewa katika majimbo kama South Carolina.

Kozi za leo zinazouzwa kwa ahadi ya siri za kumfanya kila mtu akutii, mimi huzipita. Anayetaka siri peke yake huogopa wenzake wasije wakaijua, na Mama Wine alikaa na wenzake chumba kimoja.

Ama Septima Clark, aliyefukuzwa ualimu Charleston kwa kukataa kuikana kadi ya chama chake: katika miaka ya 1970, akiwa bibi wa miaka sabini na kitu, wapigakura wa Charleston walimchagua kuingia kwenye bodi ya shule.