Kaza Nati kwa Spana Yake

Mvua za kwanza za Mbozi hunyesha mwezi wa Novemba. Kila mwenye ng'ombe anataka kulima. Umefunga ng'ombe wako, umelima mistari mitatu, mara plau inacheza. Unatazama chini. Bolti moja imeanguka, na bapa linalokata udongo limelegea. Bolti yenyewe umeizika shambani. Siku ya kulima inapotea kwa safari ya dukani, Vwawa au Mlowo.

Wengi wetu hukaza nati kwa plaizi, au huigonga kwa nyundo na patasi. Nati ina pembe sita. Plaizi huzing'ata pembe hizo mpaka zinakwisha. Nati ikishakuwa duara, spana haiishiki tena. Pengine fundi ataikata kwa msumeno.

Tumia spana. Spana imeandikwa namba yake, nawe sasa unajua kusoma namba. Spana namba 13 ni ya nati yenye upana wa milimita 13. Ikiwa spana inachezacheza juu ya nati, hiyo si yake. Tafuta nyingine. Kuna pia spana ya kurekebisha mdomo. Mafundi huiita spana malaya, kwa sababu haichagui nati. Itumie tu pale unapokosa yenye namba.

Kukaza, zungusha kama mshale wa saa. Kulegeza, zungusha kinyume. Lakini pedeli ya kushoto ya baiskeli hukazwa kinyume cha mshale wa saa. Wasiojua hilo huilazimisha na kuharibu meno yake. Vuta spana kuelekea kwako, usiisukume. Ukisukuma ikateleza, utachubua vidole.

Kukaza kupita kiasi nako ni hasara. Bolti inapokazwa huvutika kidogo sana, kama mpira, na kuvibana vyuma viwili pamoja. Ukichomeka bomba kwenye mpini wa spana ili upate nguvu zaidi, bolti inaweza kukatika.

Watazame madereva wa malori pale Tunduma wanapobadili gurudumu. Hawakazi nati kwa kufuatana. Hukaza moja, kisha ile inayoikabili upande wa pili, ili gurudumu likae sawa. Wakishakwenda mwendo kidogo, husimama na kukaza tena, maana chuma kipya hukaa mahali pake kikishatikiswa.

Plau nayo ni hivyo. Lima mistari michache, simama, kaza tena. Ng'ombe nao watapumua.