Chora Kwanza, Jina Baadaye: Ndege wa Mto Kule Yanonge

Likizo zangu nyingi huishia Yanonge, kwa mjomba wangu ambaye ni mvuvi. Huko Mto Kongo uko mlangoni, na ndege hawatafutwi mbali. Mimi sikusomea uchoraji. Nina penseli mbili, daftari na kisanduku cha rangi za maji, basi. Hata hivyo nimechora ndege wa porini kwa miaka minne sasa, na nimegundua kwamba kinachonikwamisha zaidi ni kile tunachofundishwa kukipenda katika kitivo chetu: majina.

Mwaka wa kwanza nilimchora mdiria, yule mweusi na mweupe anayesimama angani akipigapiga mabawa kabla ya kujitupa majini. Nikampelekea mjomba kwa majivuno. Akautazama mchoro, akauliza, "Mwanangu, huyu ni dume au jike?" Sikuwa na jibu. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani. Jike ana mmoja, tena mara nyingi umekatika katikati. Mimi nilikuwa nimepaka tu doa jeusi. Nilipomwona ndege nilisema moyoni "mdiria", na tangu hapo sikumtazama tena. Mkono ulichora neno.

Siku hizi nafanya hivi. Nafika ufukweni kabla ya saa moja asubuhi, maana jua likishapanda ndege wengi huingia kivulini na mwanga unakuwa mkali mno. Nikimwona ndege, nauliza umbo kabla ya kuuliza jina. Mstari wa mgongo umelala au umesimama? Mdomo ni mrefu kuliko kichwa, au mfupi? Mkia unapita ncha za mabawa? Navuta mistari michache, kwa sekunde chache tu. Akigeuka, naanza mchoro mwingine pembeni. Akirudi katika mkao wa kwanza, nami narudi kwenye ule wa kwanza. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na vichwa sita na miguu mitatu bila ndege hata mmoja aliyekamilika. Rangi sipaki pale pale, maana unyevu wa asubuhi hufanya karatasi ikauke polepole na rangi zikaingiliana. Naandika maneno kando: "tumbo kutu", "mguu wa chungwa". Nyumbani napaka nikisoma maelezo hayo.

Kuna njia fupi, na mimi niliifuata mara moja. Nilimnunua kasuku wa kijivu kwa kijana mmoja, akiwa amefungwa kamba mguuni, ili nimchore kwa utulivu. Kweli nilijifunza mengi: ngozi nyeupe isiyo na manyoya kuzunguka jicho, vidole viwili mbele na viwili nyuma, mkia mwekundu. Siku ya nne akafa. Mchoro bado ninao. Manyoya yamelala, shingo imezama, na kila anayeuona anauliza kama ndege huyo alikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimechora hofu nikidhani ni kasuku. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2016 nchi za mkataba wa CITES ziliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaokamatwa porini, kwa sababu wanazidi kupungua. Sinunui tena, wala sisogelei kiota.

Kuhusu majina, kuna kisa cha msitu wetu wenyewe. Mmarekani James Chapin alifika Kongo mwaka 1909 akiwa kijana, akikusanya ndege kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Mwaka 1913, huko Avakubi katika Ituri, aliona katika kofia ya mtu unyoya wa kahawia wenye mistari myeusi. Hakujua ni wa ndege gani. Akauhifadhi. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa juu ya kabati. Kibandiko kilisema ni tausi wa kawaida walioletwa Kongo kutoka nje. Wengi walikuwa wamekisoma wakapita. Chapin alitazama manyoya, akaukumbuka unyoya wake. Ndivyo ulimwengu wa sayansi ulivyomjua tausi wa Kongo, ambaye wawindaji wa misitu hii walikuwa wakimfahamu siku zote.

Sisemi majina hayafai. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, nitakula nini? Nasema yangoje. Mwezi wa nane mwaka jana nilichora ndege mdogo wa kahawia kwenye matete, chini ya nyumba ya mjomba. Nimeandika tarehe, saa, urefu wa mkia, na namna alivyokuwa akitikisa kichwa. Mjomba ameutazama mchoro akasema, "Huyu namjua, lakini simkumbuki jina." Tumeacha nafasi tupu chini ya ukurasa.