Manowari ya Wareno: Mnyama Mmoja Aliye Wengi

Katika bahari kuu zenye joto, Bahari ya Hindi ikiwa mojawapo, huelea kiumbe wa rangi ya samawati na zambarau, afananaye na kibofu kilichopulizwa. Amwonaye humdhania kuwa ni yavuyavu, lakini sivyo. Waingereza humwita Manowari ya Wareno, kwa sababu kibofu chake husimama juu ya maji mfano wa tanga la merikebu ya kale.

Ajabu yake kubwa ni kwamba yeye ni jamii ya wanyama wadogo walioungamana, na kila kikundi kina kazi yake. Mmoja ndiye kibofu chenyewe, kilichojaa hewa, awabebaye wenziwe. Wengine huwinda kwa nyuzi zining'iniazo majini, ambazo kwa kawaida hufika meta 10, na pengine hata 30. Wengine ni vinywa na matumbo. Wengine tena kazi yao ni uzazi tu. Mwindaji hawezi kula, wala mlaji hawezi kuwinda. Lakini chakula kikiisha kuyeyushwa huwafikia wote. Wote walitoka katika yai moja, wakachipuka kama machipukizi ya mgomba. Akitengwa mmoja peke yake, hawezi kuishi. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.

Manowari huenda apelekwako na upepo. Baadhi yao tanga limeelekea kushoto na wengine kulia, hata upepo mmoja hauwasukumi wote upande mmoja.

Wavuvi na waogao pwani yafaa wajihadhari naye. Nyuzi zake zina vifuko vidogo mno vya sumu, ambavyo vikiguswa hufyatuka kama mtego. Samaki mdogo hupooza. Binadamu hupata maumivu makali na mistari myekundu juu ya ngozi, ingawa ni mara chache kufa. Hata aliyekufa na kutupwa mchangani sumu yake hubaki, basi watoto wasimchezee.

Aliyechomwa atoke majini mara moja. Nyuzi ziondolewe kwa kibano au kijiti, si kwa mkono mtupu, wala mahali pale pasisuguliwe kwa mchanga. Kisha patiwe katika maji ya moto yasiyounguza, kadiri ya digrii 45, kwa dakika 20 au zaidi. Akiona shida ya kupumua, apelekwe hospitali upesi.