Leseni ya Programu na Ubao Mkuu wa Kompyuta

Wanachama wetu,

Tangu Microsoft walipoacha kuitunza Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wanachama wengi wamefika afisini kwetu na swali moja. Kompyuta zao za nyumbani, ambamo huandika hesabu za pishi za wachumaji na kilo za karafuu walizouza, ni za zamani, na Windows 11 haikubali kuingia. Baadhi yao wameshauriwa na mafundi wabadili ubao mkuu, huo uitwao mazabodi, pamoja na prosesa, kwani ni nafuu kuliko kununua kompyuta nyengine. Twaona ni wajibu wetu kueleza jambo ambalo aghalabu fundi halitaji: ukiutoa ubao mkuu, huenda ukawa umeitupa pamoja nao leseni ya Windows uliyokwisha kuilipia.

Sisi wenyewe yametufika. Ubao mkuu wa kompyuta ya afisi uliungua kwa hitilafu ya umeme katikati ya msimu. Fundi mmoja akatutilia mwengine, mashine ikawaka, tukamshukuru. Siku ya pili yakatokea maandishi pembeni mwa kioo kuwa Windows yetu haikuthibitishwa. Fundi akatwambia hilo ni jambo dogo, akatia programu ya kuvunja kufuli. Haikupita wiki, kirusi kikayafunga mafaili yote ya wachumaji, nasi tukarudi kwenye madaftari ya mkono kutafuta nani anadai pishi ngapi. Wako watu waliongoja haki yao siku nyingi kwa sababu hiyo, na hapa twawaomba radhi tena. Kwa hivyo tuandikayo leo si maneno ya kusikia.

Kwanza yafaa ijulikane leseni ni nini. Mtu anunuapo Windows hanunui programu yenyewe. Hununua ruhusa ya kuitumia. Jambo hili si geni kwetu sisi watu wa karafuu. Mtu aweza kukodi mikarafuu ya mwenzake kwa msimu mmoja. Amelipa, na karafuu atakazochuma ni zake, lakini mikarafuu si yake, wala hawezi kusema, "Shamba hili halikuzaa vyema, basi nitahamia shamba lako la pili." Ruhusa yake imefungwa na shamba lile. Na leseni ya programu ina mipaka yake vivyo hivyo.

Leseni za Windows tunazokutana nazo ni za namna tatu. Ya kwanza ni ile ijayo ndani ya kompyuta tangu kiwandani, nayo huitwa OEM. Kompyuta nyingi tulizo nazo, pamoja na za mkono wa pili zitokazo Dubai, ni za namna hii. Leseni hiyo imefungwa na mashine ile ile iliyokuja nayo, na Microsoft huuhesabu ubao mkuu kuwa ndio mashine. Ukitia ubao mwengine kwa kutaka mashine yenye nguvu zaidi, kwao hiyo ni kompyuta mpya na yataka leseni mpya. Ila ikiwa ubao umeharibika na umebadilishwa kwa mwengine wa namna ile ile, au ulio sawa nao kwa mujibu wa dhamana ya kiwanda, leseni haifi.

Ya pili ni RETAIL, inunuliwayo peke yake. Hiyo ni yako kuihamisha kutoka mashine moja hadi nyengine, kwa sharti ya kuwa isifanye kazi katika mashine mbili kwa wakati mmoja. Ya tatu ni VOLUME, iuzwayo kwa makampuni, skuli na idara zenye kompyuta nyingi. Hiyo si ya mtu wa nyumbani. Namna moja ya leseni hizo hutaka mashine ithibitishwe upya na kompyuta kuu ya idara kila baada ya siku 180 au kabla yake. Kwa hivyo auziwaye ufunguo wa namna hiyo kwa bei ya kutupa aweza kukuta baada ya miezi sita umekwisha kazi.

Labda mtu atauliza, wao wajuaje kama nimebadili ubao? Tangu Windows XP, mwaka 2001, programu hutazama vipande vya mashine na kutengeneza alama yake, mfano wa alama ya kidole. Tangu Windows 8, mwaka 2012, viwanda huandika ufunguo ndani ya ubao mkuu wenyewe. Ubao ukitoka, ufunguo nao umetoka. Na tangu Windows 10, mwaka 2015, Microsoft huweka katika daftari lao kumbukumbu ya mashine iliyokwisha kuthibitishwa.

Kuongeza ramu au kubadili diski hakuna dhara juu ya leseni. Mashine iliyo nzito mara nyingi hupona kwa hayo mawili tu. Lakini hayo hayatoshi kuifungulia mlango Windows 11, kwani yenyewe hutaka TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 au cha baadaye, na hicho kilianza kutoka mwaka 2017.

Basi kabla ya kumwita fundi, fanya haya. Nakili hesabu zako zote mahali pawili nje ya kompyuta. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli, ubonyeze Enter, ungoje kidogo. Katika maandishi yatakayotokea tafuta neno OEM, RETAIL au VOLUME. Ukiona RETAIL, iunganishe leseni na akaunti yako ya Microsoft kabla ubao haujatolewa, ili upate kuirudisha baadaye. Ukiona OEM, jumlisha bei ya ubao, prosesa, ramu na leseni mpya, halafu ulinganishe na bei ya kompyuta ya mkono wa pili ya kizazi cha 8 yenye leseni yake ndani. Mara nyingi utaona hiyo ya pili ndiyo nafuu.

Asiyeweza gharama hizo asikimbilie programu ya wizi, kwani programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003, na hasara yake tumekwisha kuieleza. Iko Linux, kama vile Ubuntu, na LibreOffice ya kuandikia hesabu. Leseni zake zinamruhusu mtu kuzitia katika mashine yoyote bila malipo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitoa programu ya namna hiyo kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, tangu mwaka 2004.

Mwenye shaka na alete kompyuta yake afisini kabla haijafunguliwa. Tutaitazama pamoja naye. Majuto ni mjukuu, na msimu hautungoji.

Wabillahi taufiki.

Katibu