Ngara hadi Dar: Ndege ni saa moja na nusu, lakini mtoto yuko njiani siku nzima

MZAZI wa Ngara au Biharamulo anapopewa rufaa ya kumpeleka mtoto Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI), swali la kwanza huwa nauli. Swali ambalo wengi hulisahau ni hili: mtoto atakuwa njiani kwa muda gani tangu atoke nyumbani?

Kwa ndege, Mwanza hadi Dar es Salaam ni kilomita 850 hivi, na jeti huzimaliza kwa takriban saa moja na nusu. Kutoka Chato ni kama kilomita 950, na kutoka Bukoba zaidi kidogo ya 1,000. Pangaboi hutumia karibu saa mbili. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,200.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi, hata hivyo, ni wa angani tu. Biharamulo inapakana na Chato, hivyo uwanja uko jirani. Anayetoka Ngara huanza na barabara ya Lusahunga yenye malori ya Rusumo na Kabanga. Wanaokwenda Mwanza wamepata nafuu tangu Juni 2025, Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa na foleni ya kivuko ikaisha. Ongeza saa mbili za kuwahi uwanjani na foleni za Dar. Mtoto aliyeamshwa alfajiri anaweza kufika wodini usiku.

Mwili wa mtoto angani

Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huwa kama ya mlima wenye urefu wa hadi mita 2,400, hivyo oksijeni hupungua. Mtoto mwenye afya hapati shida. Mwenye nimonia, upungufu mkubwa wa damu au ugonjwa wa moyo anaweza kuzidiwa. Selimundu, ambayo ina wagonjwa wengi Kanda ya Ziwa, inahitaji tahadhari zaidi: aliyetoka kuugua maumivu makali siku za karibuni asipande bila daktari kuridhia.

Kichanga ambaye hajatimiza saa 48 hashauriwi kusafiri kwa ndege; ni vyema asubiri afikishe siku saba.

Kabla ya kukata tiketi

- Mwombe daktari barua inayosema mtoto anaweza kupanda ndege. Akihitaji oksijeni, shirika la ndege lijulishwe mapema, si siku ya safari.
- Uliza kama ndege inakwenda moja kwa moja au inatua kwanza mahali pengine.
- Beba cheti cha kuzaliwa na barua ya rufaa.
- Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zitoshe siku kadhaa.
- Mnyonyeshe au mpe kinywaji ndege inapopaa na inapoanza kushuka, masikio yasimuume.
- Mpe maji mara kwa mara tangu mkiwa barabarani.

Na kabla ya yote, muulize daktari kama tiba hiyo inapatikana Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato au Bugando, Mwanza. Ikiwa ipo, mtoto ataokolewa na safari ndefu, na mzazi atabaki na nauli ya kumrudisha kliniki.