Mbappé Anayekimbia Mwenyewe

Dogo mmoja aliingia kibandani kwangu hapa Nyasubi, Kahama, pedi ameificha chini ya shati kama mtu aliyebeba kuku wa kuiba. "Fundi, Mbappé anakimbia mwenyewe. Nikiachia kabisa, bado anaelekea kwenye kibendera cha kona." Nikamwambia Mbappé ana kasi, lakini salamu hutangulia. Akacheka, akatoa shikamoo, nikaitikia, nikashika bisibisi.

Ugonjwa huo sisi mafundi wa gemu twauita kuvuta. Pedi inavuta. Ndio unaoleta wagonjwa wengi mezani kwangu kuliko mwingine wowote, na ndio unaozua uongo mwingi zaidi mtaani.

Chini ya kile kijiti cha kidole gumba, analogi, mna vidude viwili ambavyo ni ndugu wa kitufe cha sauti cha redio ya babu. Kimoja hupima kushoto na kulia, kingine juu na chini. Ndani ya kila kimoja kuna utepe mwembamba wa kaboni na ulimi mdogo wa chuma unaoteleza juu yake. Ukisukuma kijiti, ulimi unasogea, volti inabadilika, na mashine inaigeuza volti hiyo kuwa namba kati ya 0 na 255. Katikati ni 128 hivi, na hapo mchezaji husimama. Wanaotengeneza gemu huacha na uwanja mdogo wa msamaha kuzunguka namba hiyo, ili pedi ikisoma 125 au 131 mtu asitembee.

Sasa ikumbuke ile redio. Ulipozungusha sauti ilikwaruza, kwaru-kwaru, hasa pale palipozoeleka kuzungushwa. Kaboni ilikuwa imelika. Kwenye pedi kaboni ikilika, katikati inahama: badala ya 128 inasoma 150, imetoka nje ya uwanja wa msamaha, na mashine inaamini kwa dhati kwamba kuna mtu anasukuma. Hakuna jini. Redio ilikwaruza, pedi inamkimbiza Mbappé.

Watu hulaumu pedi za bei rahisi za Kariakoo. Zina dhambi zao, lakini kwa hili zinaonewa. Nintendo, kampuni tajiri ya Japani, ilipata malalamiko mengi kuhusu vijiti vya mashine yake ya Switch mpaka mwezi Juni 2020 rais wake, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi mbele ya wanahisa. Kinachoniudhi mimi ni kwamba dawa ilikuwepo zamani. Dreamcast ya Sega, iliyotoka Japani mwaka 1998, ilitumia sumaku kwenye kijiti. Sumaku husogea bila kugusa kipimio, kwa hiyo hakuna kinachosuguana wala kinacholika. Kaboni ni rahisi zaidi kutengeneza, basi dunia ikaendelea na kaboni.

Kwenye banda la gemu mambo ni mabaya zaidi. Pedi ya nyumbani inachezwa saa moja baada ya shule. Ya banda inapokezanwa tangu asubuhi mpaka usiku, na kila aliyefungwa anaifinya kwa hasira. Ongeza kiangazi chetu, kuanzia Juni, upepo unapoinua vumbi la barabarani likaingia kwenye kila tundu. Chembe ya vumbi chini ya ulimi wa chuma ni msasa. Na wengi, wakiona kijiti kimekuwa kigumu, humiminia mafuta ya cherehani. Kinalainika siku mbili, kisha mafuta yanakamata vumbi, yanakuwa tope, na hapo huletewa mimi. Puliza kwa hewa, safisha kwa spiriti, acha ikauke. Hakuna zaidi.

Mashine inayostahimili mateso haya vizuri kuliko zote ni PS2. Ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000, mwaka uleule ambao mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu. Buzwagi, jirani yetu hapa Kahama, ulianza mwaka 2009, ukatoa dhahabu yake, na kufikia 2021 ukawa umemaliza kazi. PS2 bado iko mezani kwangu. Zimeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, utengenezaji ukasimama mapema 2013, na FIFA 14 ndiyo FIFA ya mwisho kuletwa kwenye mashine hiyo. Kinachokufa kwanza ni jicho lake, lenzi. Mwali mwekundu hupigwa kwenye diski na kurudi, na mashine inasoma tofauti ya mrudisho. Vumbi likifunika lenzi, mwali unarudi dhaifu na gemu inaganda kwenye nembo. Fundi asiye na subira huzungusha skrubu ndogo iliyo pembeni ili kuupa mwali nguvu. Inafanya kazi, ndiyo. Ni sawa na kumpa punda kiboko badala ya majani: atafika leo, kesho usimwamshe.

Ndiyo maana mabanda yakahamia kwenye flashi. Memori kadi iliyowekewa programu maalumu huifanya PS2 isome gemu kutoka kwenye flashi, na lenzi inapumzika. Wachezaji huniuliza kwa nini video za mwanzo zinakatakata na mtangazaji anababaika. Jibu ni umri. Tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha kwanza, ambacho hata kwenye karatasi hakipitishi zaidi ya MB 1.5 kwa sekunde, wakati diski yake ya DVD hupitisha zaidi ya MB 5. Flashi mpya ya bei mbaya haitasaidia. Mlango ni uleule mwembamba. Nakala hizo za gemu kwenye flashi, tusidanganyane, si halali, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 haikuandika msamaha kwa wenye mabanda. Nalisema kwa sababu mteja mmoja aliniuliza iwapo risiti ya flashi ni leseni.

Twende kwenye umeme, ambako hofu na hatari vimepishana njia.

Kahama ni mji wa mota. Kuna mashine za kukoboa mpunga, kuna makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, kuna wachomeleaji wa mageti kila kona. Mota inapowashwa hunywa mkondo mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikishachanganya. Walio kwenye transfoma moja nayo wanaona taa zikififia na televisheni ikikonyeza. Mwenye banda hapo hukimbilia kuzima PS4 akiamini umeme mdogo utaiua. Kumbe PS4 imetengenezwa kupokea volti 100 hadi 240. Umeme wetu rasmi ni 230. Ukishuka hadi 170, mashine hiyo haina habari. Hatari yenyewe huja pale umeme uliokatika unaporudi, friji na mota za mtaa mzima zikigombea kuwaka, volti ikiruka juu na kushuka. Ukikatika, chomoa ukutani, nenda kanywe chai, subiri dakika tano. Hasara nyingine iko kwenye diski kuu: umeme ukikatika mashine ikiwa katikati ya kuandika, ukurasa unabaki nusu, na ukiwasha inakuomba muda wa kujikagua. Ipe muda huo. Ukichomoa tena kwa hasira, umeandika nusu ya nusu.

Kitu kimoja kinachoua papo hapo ni PS2 ya mtumba kutoka Japani yenye umeme wa volti 100, ikichomekwa kwenye soketi yetu. Najua kwa sababu ya kwanza niliiunguza mwenyewe. Moshi wake una harufu ya samaki, na mwenye mashine alikuwa amesimama nyuma yangu. Siku hizi nasoma kwanza kibandiko cha nyuma.

Wazazi wananiambia gemu zinakula umeme. Tupige hesabu. Nyumba nyingi na biashara ndogo hulipa takriban Sh356 kwa uniti, kodi zikiwemo. PS2 na televisheni ya inchi 32 kwa pamoja ni kama wati 80, kwa hiyo saa nzima ni chini ya Sh30. PS4 ya mwanzo pamoja na televisheni ni wati 190 hivi, chini ya Sh70 kwa saa. Banda likitoza Sh200 kwa mechi na zikachezwa mechi tano ndani ya saa hiyo, mwenye banda amekusanya Sh1,000. Umeme si mwizi wake. Mwizi ni pedi, ikifuatiwa na lenzi, na ndiyo sababu nina kazi. (Mama mmoja alinibishia kwamba mwanawe anamaliza hela zote kwenye gemu. Tulipofuatana tukamkuta kwenye dubwi, ile mashine ya kutumbukiza sarafu. Hiyo ni kamari, mama, nikamwambia, haina pedi.)

Kuna jambo moja ambalo bisibisi yangu hailiwezi, nalo ni umbali. Vijana wenye simu na bando wanacheza mtandaoni na kulalamika kwamba wanapiga shuti likatoka limechelewa. Wanabadilisha laini, wanapanda juu ya kiti, wanaomba mvua ikatike. Mtandao dhaifu upo, sikatai. Lakini hata ungekuwa na mkongo ndani ya chumba chako, mwanga ndani ya kioo husafiri kilomita 200,000 kwa sekunde, si zaidi. Seva za gemu kubwa haziko Kahama wala Dar es Salaam. Ujumbe wako hushuka hadi Pwani, ukaingia baharini, ukaelekea Afrika Kusini au Ulaya. Njia ikiwa ya kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni sehemu ya kumi ya sekunde, kabla hujahesabu mitambo yote ya njiani inayousimamisha. Gemu ya mpira huchora picha 60 kwa sekunde. Sehemu ya kumi ni picha sita. Mpinzani aliye karibu na seva anakuona ulivyokuwa picha tatu zilizopita, nusu ya safari hiyo, na wewe unamkaba mtu aliyekwishaondoka.

Mwenye kumbukumbu hajasahau Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipokatika upande wa kusini, na intaneti Tanzania nzima ikawa ya kuchungulia. Siku hizo simu zilikuwa kimya hapa kibandani. Mabanda ya PS2 hayakugundua lolote. Mashine isiyojua intaneti ni nini haiwezi kuikosa, wakati mashine za sasa hukataa hata kuanza vizuri mpaka zipakue makumi ya GB, kana kwamba kila nyumba duniani ina waya wa bure ukutani.

Vijana wa mtandaoni wamegundua njia zao. Kwenye Dream League Soccer unaweza kuivalisha timu yako jezi ya Simba au Yanga kwa kubandika kiungo cha picha yenye upana na urefu wa nukta 512. Kijana mmoja wa hapa mtaani alianzisha tovuti ya kuhifadhi picha hizo. Alijaza ukurasa wa kwanza mapambo na matangazo mpaka ukafikia MB 4, ilhali jezi yenyewe haifiki robo ya MB moja. Wateja wake ni wa bando la siku. Wakawa wanaondoka kabla jezi haijatokea. Tulikaa jioni moja tukatoa kila kisichokuwa jezi. Alihuzunika kuyaona mapambo yakienda, hasa simba anayenguruma.

Pedi ya yule dogo niliifungua, nikang'oa kidude kimoja cha kaboni, nikachomelea kingine kutoka kwenye pedi iliyokufa vitufe lakini kijiti chake kizima. Nikaipima: 128. Akalipa, akakimbia.

Jioni alirudi. Amefungwa tatu bila. Akaiweka pedi juu ya meza, taratibu safari hii, na shikamoo ikatangulia. "Fundi, iangalie tena. Kuna kitu bado."

Nikaipima tena. 128, 127, 128.