Bilioni ya Mfaransa si bilioni yetu

Kila bajeti ikisomwa, neno bilioni hutujaa masikioni. Tulilipata kwa Waingereza, na kwetu halina utata: ni milioni elfu moja, yaani 1 na sufuri 9 nyuma yake. Basi si kila anayelitamka anakusudia hivyo.

Tuanzie kwa mzazi wake. Milioni ni neno la Waitaliano: ‘mille’ ni elfu, nacho kiishio ‘-one’ hukuza, jinsi sisi tunavyotoa jitu katika mtu. Elfu kubwa, ukipenda. Mwaka 1484 Mfaransa Nicolas Chuquet aliandika ‘byllion’ akimaanisha milioni mara milioni. Ile ‘bi’ ni mbili. Sufuri 12 hizo! Baadaye Wafaransa wenyewe wakazipunguza hadi 9, Wamarekani wakawafuata. Waingereza waling’ang’ania 12 hadi 1974, Waziri Mkuu Harold Wilson alipoliambia bunge kwamba serikali yake itatumia maana ya Kimarekani. Kichekesho ni kuwa Wafaransa walikuwa wamesharejea kwenye 12 tangu 1961.

Hapo ndipo mtafsiri wa habari za Kinshasa au Bujumbura huteleza. ‘Milliard’ ya Kifaransa ndiyo bilioni yetu. ‘Billion’ yao ni trilioni. Ukiihamisha ilivyo, umepunguza deni la nchi mara elfu, na mhariri asiyejua atalipitisha. Mimi ningependa kamusi zetu ziandike sufuri zenyewe kando ya kidahizo, si maneno matupu.